Siku Tatu Nilizokuhesabia

Mihayo,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ianze kwa kuuliza hali, kisha mwandishi aseme yeye huku ni mzima wa afya, hofu yake ni kwa yule aliye mbali. Hali yako naijua. Nilisimama pale Ntalikwa nikatazama wakikufukia, nikatupa udongo wangu kama wengine. Mimi huku si mzima, ila duka nafungua kila siku saa mbili na watu wanaleta vyeti vyao niwatolee kopi, kwa hiyo wanaonitazama wanaamini ni mzima. Hofu ninayo tele, na ndiyo iliyonikalisha niandike.

Kuna jambo sikukwambia. Najua utasema ulishafahamu, wewe mjuaji wa kila kitu, lakini nyamaza kidogo nimalize.

Siku ya pili ya msiba mama yako aliniuliza huo mchezo wenu hasa ulikuwa mchezo gani, maana alizoea kukuona unatoka nyumbani kila Jumapili baada ya ibada na mkoba wa madaftari kama mwalimu mkuu. Nikamweleza kwamba ni mchezo wa mezani. Kuna kitabu kikubwa kinachosimulia milki iliyoko huko kwenye nyota, kila mmoja wetu anajipa jina na kazi ndani ya hiyo milki, anasema mtu wake atafanya nini, na dadu zinaamua kama atafaulu. Wewe ndiye uliyekuwa msimulizi na mwenye sheria. Akauliza, na mnashindania zawadi gani? Nikamjibu hakuna zawadi, mama. Akatikisa kichwa, akasema kumbe ndiyo maana mlikuwa mnagombana sana.

Tuligombana, kweli. Watu wawili waliokaa na kitabu kimoja miaka minne nyuma ya duka la steshenari watakosaje kugombana? Mimi ndiye niliyekichapa kile kitabu, kurasa mbili mbili kwenye karatasi moja kubana wino, nikakitia waya mgongoni. Wewe ukakitafsiri chote kwa mkono ili rafiki yetu Rama naye afuate, kwa sababu Kiingereza cha Rama kinaishia kwenye mabango ya reli. Hukukitafsiri tu, ukakihamishia kwenu. Mfalme wa nyota ukamfanya Mtemi Mkuu. Vyombo vya angani ukavipa wapagazi na vituo, na kila sayari vilikopita vikadaiwa hongo, ushuru wa njia, kama misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Watu wa grupu letu la simu walioko Mwanza na Dodoma walicheka mwanzoni, baadaye wote wakaacha kitabu cha asili wakacheza kwa kitabu chako.

Unakumbuka uliponiburuta kwa baiskeli hadi Kwihara kunionyesha njia ya zamani? Hapakuwa na cha kuona, mchanga tu na mbuzi wawili. Ukasema hapa wamepita watu na pembe za ndovu mabegani, na kila mtemi alitaka chake, huko nyota kutakuwa na tofauti gani? Halafu ukakaa chini. Macho yako yalikuwa ya njano siku ile. Nikajifanya mnyororo wa baiskeli yangu umetoka, nikauchezea mpaka ukapata pumzi, maana ulichukia kuulizwa unajisikiaje. Ulijua mnyororo haukuwa na kitu. Hukusema, nami sikusema, tukarudi mjini taratibu.

Selimundu ulizaliwa nayo, na sisi tulishaizoea kuliko wewe mwenyewe. Ukipotea siku nne tunajua, ukirudi tunakutania kwamba ulikwenda likizo. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kukosea.

Sasa lile la kiti. Kitabu kinasema Mtemi Mkuu anakufa bila kumtaja mrithi, na kinaacha mstari mmoja tu: kiti kiende kwa damu isiyo na shaka. Basi. Mwandishi akaondoka akatuachia ugomvi. Yupo Ariza, binti wa Mtemi, na yupo Teno, mtoto wa dada yake. Dunia nzima wanaoupenda mchezo huu wanabishana kuhusu mstari huo, na sisi wa Tabora tusingebaki nyuma.

Wewe ulikuwa wa Teno. Ulileta hoja ya bibi yako, kwamba zamani huku Unyamwezi kiti cha mtemi kilikwenda kwa mpwa, kwa sababu mtoto wa dada yako huna shaka amebeba damu yenu, lakini wa mkeo unaambiwa tu. Hiyo ndiyo damu isiyo na shaka, ukaandika, kitabu kimeeleza mila zetu bila kujua. Ilikuwa hoja nzuri. Nakiri leo, siku ile ningekufa kwanza.

Mimi nilikuwa wa Ariza. Na mimi nilimleta bibi yangu, aliyekuja Ulyankulu akitokea Burundi na mtoto mgongoni. Yeye alisimulia kwamba mwami, mfalme wao, alirithiwa na mtoto wa kumzaa, tena yule aliyezaliwa ameshika mbegu kiganjani. Ukaniuliza Ariza alizaliwa na mbegu gani, grupu zima likacheka, na mimi nikacheka. Ila nilipofunga duka jioni ile nilikuwa nimekasirika na sikujua kwa nini. Baadaye nikajua. Mila yako ilimpa mpwa, mila yangu ilimpa mtoto wa kiume. Hakuna hata moja iliyomtaja binti. Nilitaka angalau huko kwenye nyota, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika na mila yake, binti akalie kiti cha baba yake.

Wewe ulijua nilikotoka. Ulijua baba alipofariki ukoo ulikaa kikao siku moja tu, shamba la tumbaku likagawanywa kwa kaka zangu watatu, na mimi niliyemuuguza nikapewa sufuria za mama. Nilikusimulia wewe peke yako. Ndiyo maana Jumatano ile, tulipokuwa tumebishana wiki nzima mbele ya watu arobaini, na wewe ukaandika, "Domi, shamba la baba yako lisigawanywe upya huku kwenye nyota," nilihisi umenivua nguo sokoni.

Hukukosea, Mihayo. Ndicho nilichokuwa nafanya. Lakini kulikuwa na haja gani ya kulisema mbele ya watu?

Alhamisi asubuhi nikakujibu. Niliandika hoja ndefu, nikanukuu kurasa, nikakuita kwa jina lako na la ukoo, na mwisho nikaweka sheria yako mwenyewe: ubishi wote uandikwe kwenye grupu, na asiyejibu kwa siku tatu amekubali kushindwa, neno la mwenzake liingie kwenye daftari la milki. Uliitunga wewe kwa ajili ya wale wanaokimbia ubishi ukiwakalia vibaya. Nikaandika saa niliyotuma. Nikaanza kuhesabu.

Ijumaa ulinipigia simu. Hili ndilo nililokuwa nalizunguka tangu juu.

Ilikuwa yapata saa tano. Nilikuwa namtolea mama mmoja kopi za fomu, simu iko juu ya mashine, nikaliona jina lako. Nikasema moyoni, huyu anataka kunilainisha pembeni ili asije kushindwa hadharani, wakati sheria inasema tuandike. Nikaigeuza simu uso chini. Ikaita mpaka ikanyamaza. Ukapiga tena. Mama wa fomu akaniambia, binti, si upokee, mimi nitasubiri. Nikamwambia huyo hana jambo la maana.

Jumamosi hukuandika wala hukupiga. Nilifurahi. Siwezi kuandika barua kwa marehemu halafu nidanganye. Nilifurahi sana, nilikuwa natembea nimejaa fahari.

Jumapili asubuhi kabla ya misa nikaandika kwenye grupu: "Siku tatu zimetimia. Asiye na jibu amejibu. Ariza ndiye Mtemi Mkuu." Watu wakashangilia. Rama akaandika leo Mihayo kameza ulimi. Nikaenda kanisani nimetulia, nikapokea komunyo. Mchana ndipo dada yako Kalunde alipopata chaji ya simu yako, akaandika kwa namba yako, chini kidogo ya maneno yangu, kwamba Mihayo alitutoka jana jioni na msiba uko nyumbani Ntalikwa.

Nilikuwa nimemshinda maiti. Mpaka leo ukifungua lile grupu utaona yamefuatana hivyo hivyo, kiti changu na msiba wako, na jina juu ya tangazo la msiba ni la kwako.

Msibani kwako watu walijaa. Kwaya ya Moravian iliimba vizuri, usiwe na wasiwasi. Na Rama alitimiza wajibu wake. Unajua alivyo, Mzaramo wa kuzaliwa hapa hapa stesheni, anajiona mtani wa Wanyamwezi wote kwa mkataba. Jeneza lilipotoka ndani akajilaza chini mlangoni na shati lake jeupe, akasema huyu hapiti bila hongo, alitutoza hongo kila sayari miaka minne, leo zamu yake. Wajomba zako wakamtupia sarafu, akazikataa, wakaongeza. Mama yako alicheka huku machozi yanamtoka. Ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya sawasawa.

Halafu akaendelea. Akalipiga jeneza kofi, akasema, "Mihayo, siku tatu zimepita hujajibu. Umeshindwa. Kama unabisha amka ujibu." Watu wakaangua kicheko. Yeye alikuwa na haki hiyo, mtani hana kosa msibani. Mimi sikuwa na haki hata ya kusimama pale. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa chini kando ya banda la kuku, na shangazi yako mmoja akanishika mgongo akidhani ni uchungu wa kufiwa.

Na jioni ile, tulipokuwa tumekaa kwenye mikeka, mama yako akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, Ijumaa alikuwa anakupigia. Mlipatana?" Nikamwambia simu ilikuwa kwenye chaji, mama. Akasema sawa. Akanifunika kanga yake mwenyewe kwa sababu kulikuwa na upepo.

Nimetembea na uongo ule tangu siku hiyo. Grupu wakaniomba nishike nafasi yako, wakasema nani anayekijua kitabu kuliko Domi, tena Domi ndiye aliyekuwa na hoja ya mwisho. Ndivyo walivyoandika. Nikawaambia nipeni muda. Meza ya nyuma nimeipanga maboksi ya karatasi juu yake ili isikalike. Kila Jumapili Rama alipita, akayatazama maboksi, tukaongea habari za mvua.

Wiki iliyopita nikashindwa kuendelea. Nikapanda bodaboda hadi Ntalikwa. Mama yako alikuwa uani, ana ungo wa karanga mapajani anabangua. Nikamwamkia, nikamwita mama kwa Kinyamwezi, mayu, kama alivyonifundisha, akaniitikia vizuri, akanisogezea kigoda. Sikukikalia. Nilisimama nikamwambia yote: ubishi, siku tatu, simu niliyoigeuza, na chaji niliyomdanganya.

Vidole vyake viliendelea na karanga. Nilipomaliza akasema, "Alikuwa anatafuta damu."

Akaeleza pole pole, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Hospitalini walitakiwa kukuongezea damu, chupa moja ilipatikana, ya pili wakawa wanatafuta. Walipiga simu kwa watu wengi, siyo mimi peke yangu. Lakini wewe ulisema mpigieni Domi, damu yetu ni moja, alishanitolea mwaka juzi na hakulalamika. Vidole vyako vilikuwa vimevimba, hukuweza kuandika, Kalunde akakubonyezea namba. Mara ya kwanza na mara ya pili. Baada ya hapo ukasema aache, yule amekasirika, nitamwomba radhi nikitoka.

Mihayo, sijui kama ninalosema sasa lina maana, lakini nadhani nilijua. Mtu mwenye selimundu hanyamazi siku tatu kwa sababu ya hoja tu. Kuna mahali ndani yangu palijua, ndiyo maana katika siku zote zile za matanga sikuwahi kumuuliza hata mtu mmoja ulikuwa unanitafutia nini.

Nikamuuliza mama yako kama ile damu ingekuokoa. Akafikiri. Alifikiri kwa kweli, siyo kutafuta la kunifariji. Akasema, "Nikikwambia isingesaidia, nitakuwa nakudanganya. Nikikwambia ingesaidia, nitakuwa nakuua. Ile ya pili ilipatikana kesho yake asubuhi, akawekewa, na jioni akaenda. Sijui, mwanangu. Hata daktari hakusema." Kisha akasema, "Kaa ubangue." Nikakaa. Tulibangua mpaka karanga zikaisha. Aliponisindikiza hadi njiani hakuniambia amenisamehe wala hakuniambia nisirudi. Aliniambia tu kwamba bodaboda wa jioni huwa wanazidisha bei, niwahi.

Niliporudi mjini nikaandika kwenye grupu. Niliandika kila kitu, hata kile cha kufurahi Jumamosi. Wako waliosema mchezo ni mchezo nisijitese. Yule wa Mwanza aliyekuwa akinishangilia kuliko wote alijitoa bila neno. Rama alikuja dukani. Akasimama mbele ya kaunta akanunua kalamu asiyoihitaji. Akasema, "Ungeniambia kabla sijasema yale mbele ya jeneza. Ulinyamaza ukaniacha niseme." Nikamrudishia chenji yake. Tangu hapo Jumapili hapiti tena. Nimempoteza na yeye, na ni haki yake.

Kuhusu kiti, nimefuta. Nimechukua daftari la milki nikaupiga mstari ushindi wangu na kuandika pembeni kwamba ulipatikana kwa kumhesabia siku mgonjwa. Usidhani nimehamia kwa Teno. Bado nasema ni Ariza, na ukinikuta huko uliko tutaanza pale pale tulipoachia. Lakini kwa sasa kiti hakina mtu. Grupu wanalalamika kwamba milki haiwezi kuendelea bila Mtemi. Nimewaambia itaendelea hivyo hivyo kwa shida, kama nyumba yoyote iliyofiwa. Na sheria ya siku tatu nimeifuta. Mtu akinyamaza, tutakwenda kumtazama nyumbani kwake. Ndiyo sheria mpya, na ndiyo pekee niliyotunga mimi.

Juzi nilikwenda kutoa damu. Nilijipanga tangu asubuhi, nikavaa gauni la mikono mifupi. Nesi akanitoboa kidole, akatazama, akaniambia dada, damu yako haitoshi, hata wewe mwenyewe inakupungukia, nenda kale mboga za majani urudi baada ya mwezi. Nikamwambia lazima leo. Akaniuliza mgonjwa wako yuko wodi gani. Nikachukua mkoba wangu, nikaipisha foleni iliyokuwa nyuma yangu.

Sasa nakula matembele mchana na jioni, na unajua nilivyo na matembele. Nimeweka alama kwenye kalenda ya dukani. Siku ile nitarudi, na nitaendelea kurudi kila watakaponiruhusu, mpaka waseme nimezeeka. Wakiniuliza tena namtolea nani, nitawatajia jina lako. Wakisema huyo hayumo wodini, nitawaambia wampe yeyote aliyemo ambaye simu yake haikupokelewa.

Lala, Mihayo. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Ni mimi,
Domitila